Kimya Ameanza Kusema

Ghorofa ya tano, mlango wa mwisho,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti lako linakubeba hadi sokoni bila kunung'unika. Mama naye, kikohozi kimemwacha? Sisi tu wazima, ingawa baridi ya huku haina adabu, inaingia bila hodi.

Tangu Alhamisi nina habari moja, na kila nikishika kalamu sijui nianzie wapi.

Unajua mjukuu wako alivyokuwa. Ulikuwa ukimwita kwenye simu, ukimwimbia, naye anakutumbulia macho tu. Alitimiza miaka mitatu na hata "maji" hasemi, ananyoosha kidole. Baba yake akambandika jina la Kimya. Tulicheka, lakini mwenzio roho ilikuwa juu juu.

Nyumba yetu ni soko la lugha, Shangazi. Mimi namsemesha Kiswahili, baba yake lugha ya kwao. Bibi jirani, yule mjane anayemlea nikienda kiwandani kufua mashuka ya hoteli, anayo yake, na hapa ghorofani hakuna mwingine anayeijua. Mimi naye huelewana kwa mikono. Halafu ipo ya mtaani. Nesi wa kliniki akaniambia, "Mnamchanganya mtoto. Shikeni ya hapa, nyingine acheni." Nikajitahidi. Nikawa nambembeleza mwanangu mwenyewe kwa maneno ya kukopa, na usingizi haumpati yeye wala mimi.

Alhamisi ikaja dhoruba. Mvua ilikuwa ikiganda palepale inapogusa: nyaya, matawi, hata vitasa vya milango. Umeme ukakatika, vipasha joto vikazima. Mume wangu alikuwa barabarani na gari lake la kusukuma theluji. Majirani wakajazana kwangu kwa sababu nina jiko la gesi: bibi, pamoja na fundi rangi wa mlango unaotazamana na wangu na mkewe.

Tukiwa tunakunywa chai, bibi akashika kifua. Uso ukawa kama majivu. Akawa anasema maneno yale yale, tena na tena, nasi tunatazamana. Fundi rangi akapiga simu ya gari la wagonjwa. Wakamwambia barabara zinateleza, watachelewa. Nikamuuliza bibi kwa mikono: dawa? wapi? Siku hiyo mikono haikufua dafu.

Ndipo Kimya akashuka kwenye kochi, akamsogelea bibi, akamsikiliza mdomoni. Akanigeukia.

"Mama, Bibi anasema dawa iko ndani ya kiatu. Kile cha njano."

Kwa Kiswahili, Shangazi! Kimenyooka kama cha kwako. Kabla sijapumua, akamgeukia fundi rangi akamwambia yale yale kwa lugha ya mtaani. Yule baba mzima alitoka mbio na soksi zake hadi nyumbani kwa bibi. Akarudi na kiatu cha njano, kichupa cha vidonge kimo ndani. Kumbe bibi alikificha humo ili mtoto asikione! Kimya akamuuliza bibi jambo kwa lugha yake, akatuletea jibu: "Kimoja. Chini ya ulimi."

Nikamwekea bibi kidonge, kisha nikakaa sakafuni. Nilikuwa namtazama mtoto niliyemzaa mwenyewe kama mgeni aliyeshuka kutoka mbinguni. Siku zote hizo alikuwa anatusikiliza sote, anamwekea kila mtu maneno yake.

Gari lilifika, bibi akalazwa, na jana amerudi akigombana na fundi wa lifti. Mume wangu aliporudi kutoka kazini, mtoto alimsalimu kwa lugha ya kwao. Aliketi palepale kizingitini na mabuti yake ya theluji, akashindwa kuingia. Sasa Kimya hanyamazi. Tunamwomba apumzike kidogo. Nami nimerudia Kiswahili changu, nesi atanisamehe.

Hivi ninavyoandika ananing'inia begani, anauliza namwandikia nani. Nikamwambia, "Bibi yako wa nyumbani."

"Anasema lugha gani?"

"Hii hii yetu."

Akafikiri kidogo. "Basi tutaelewana."

Nisalimie Mama, kaka wa dukani na mapacha wa dada. Mola akutunze, akupe miaka ya kutosha kumsikia huyu mtoto kwa masikio yako.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba wa kaka yako