Yule Mhispania Niliyetaka Asomewe Halbadiri

Malvern, Johannesburg
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwamini,

Salamu zangu zikukute umeamka vizuri, na lile goti liwe limekuachia. Mama anakula? Niambie ukweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali. Sisi huku wazima, ni baridi tu, maji ya bomba asubuhi yanakata vidole, lakini tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa mkono maana simu yako ikiingia sauti yangu nyumba nzima inakusanyika kusikiliza, na haya nataka uyasome wewe kwanza, halafu ndiyo uwasomee wengine. Uvumilie mwandiko, unajua mimi darasa la nne niliishia mlangoni. Barua anakuja nayo mke wa fundi viatu wa hapa jirani, anakuja huko kwetu Buyenzi kumwona mama yake.

Dada, yale niliyokwambia mwezi uliopita nikilia, kwamba Rehema amepotea, kwamba mwanangu anacheza kwenye mabaa, yafute yote. Nenda kwa mama leo hii umwambie mjukuu wake hajapotea. Nilikosea mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Unajua anasoma chuo kule Braamfontein. Aliponiambia anasomea sanaa, mimi nikashika kwamba ni kuchora, nikawa nawaringia wateja wangu pale Jules Street kwamba mwanangu atakuwa mchoraji. Basi siku moja natafuta ufunguo kwenye mkoba wake nikakuta picha. Mwanamke ameinua sketi mpaka magoti yako nje, mabega wazi, ua kichwani, anamchekea mtu ambaye hayumo kwenye picha. Picha yenyewe nyeusi na nyeupe, lakini si vijana wa sasa wanazifanya hivyo makusudi? Nyuma pameandikwa jina la kike la Kizungu. Siku hiyohiyo nikamsikia kwenye simu anamwambia mwenzake kwa kile Kiingereza chao, na hayo machache nikayadaka, kwamba huyu mwanamke amembadilisha, anataka kuwa kama yeye. Na chumbani miguu, ta-ta-ta juu ya sakafu, mpaka mpangaji wa chini anatugongea dari.

Utasema ungemwuliza. Kweli. Lakini watoto waliokulia huku ukiwauliza wanakujibu Kizulu na Kiingereza, mama unabaki umeshika maneno mawili mkononi. Na niliogopa jibu. Nikanakili lile jina kwenye karatasi, nikaenda nalo kwa Maalim Shabani, mzee wa Tanga anayewafundisha watoto wetu Kurani. Nikamwambia kuna mwanamke anamharibu mwanangu, nataka asomewe halbadiri.

Maalim akaniangalia. "Mama Rehema, halbadiri siyo dawa ya mafua. Huyo mtu umemwona?"

Nikamwambia nimeona picha yake.

"Akiwa hana kosa, inamrudia aliyeituma. Unalijua hilo?"

Nikasema nalijua, soma. Nikamwachia karatasi, na mchele, na sukari.

Halafu nikakosea tena, nikamsimulia msusi tunayegawana naye kibaraza. Kabla ya Ijumaa Rehema ameshajua. Hakupiga kelele, dada. Alikuja akasimama mbele ya cherehani yangu, mteja yupo, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kile anachoninyima siku zote: "Mama, huyo uliyempelekea halbadiri alikufa kabla bibi yako hajazaliwa. Ni mcheza dansi wa Hispania wa zamani, nafanyia mtihani maisha yake. Ungeniuliza." Akafungasha nguo akaenda kukaa na mwenzake Doornfontein.

Siku kumi na tisa. Simu hapokei. Na mimi nikahesabu hivi: mtu mwenyewe ameshakufa, kosa hana, basi itarudi, na ikirudi itanipiga wapi kama si kwa mtoto? Kila gari la wagonjwa likipita pale Jules Street nilisimama. Nguo ya bibi harusi wa watu nilishona mkono mmoja ndani nje.

Mwisho nikakaanga ndagala, wale dagaa wa kwetu, nikasonga ugali, nikaenda. Alifungua mlango nusu. Harufu ya ndagala ikamfikia, nikamwona anameza mate, lakini uso bado ameukunja. Nikamwambia, "Sikuja kukurudisha. Nimekuja kuuliza lile ambalo sikuuliza. Huyu mwanamke ni nani?"

Akaufungua mlango wote, akaniingiza. Tukala, akanisimulia.

Alikuwa mtoto wa mjane, kusini mwa Hispania. Alianza kucheza mdogo sana kwenye nyumba za kahawa, juu ya meza, watu wanampigia makofi na kumrushia chungwa. Akachukuliwa Paris, kwenye kumbi zile ambapo watu wanakunywa huku wanatazama, akawa na jina kubwa, picha zake zikabandikwa kuta zote. Miguu ilimvimba, alikuwa anaitia kwenye maji ya chumvi kabla ya kutoka tena. Alipozeeka wakamchoka. Akamalizia kwenye chumba kimoja cha kupanga, anafundisha watoto wa jirani kupiga miguu, wazazi wanamlipa mayai.

Nikauliza, "Na mamaye?"

"Mama yake alikuwa anafulia watu nguo," akasema. "Wenye kumbi wakamfundisha kusema kwamba yeye ni wa ukoo mkubwa, mama yake bibi wa jumba la kifahari. Akasema hivyo miaka yote, kila alipoulizwa."

"Mama yake alijua?"

"Haijulikani, mama. Habari za mama yake hakuna aliyeziandika."

Hapo nikaweka tonge chini. Mtu huyu nilitaka apigwe, kumbe mtoto wa mwanamke kama mimi.

Nikamwuliza siku ya mtihani atavaa nini. Akanionyesha sketi ya chuo, marinda yamechanika, ule mkia wake wa kuburuta nyuma mwepesi, akiurusha unamzunguka miguuni kama kamba. Nikamwambia nipe. Nikaifumua yote. Nikashona marinda safu saba, na mkia nikautia kitambaa kigumu kwa ndani ili ukipigwa teke uende nyuma na ubaki huko. Mabega nikayafunika kwa kitambaa cha rangi ya ngozi yake. Aliona, akacheka kidogo, hakukitoa.

Lakini hofu ya halbadiri ilikuwa bado imenikaba. Nikarudi kwa Maalim nikamwomba aigeuze. Akasema, "Nigeuze nini? Sikuisoma. Mama akinijia na moto kichwani, mimi namsomea mtoto wake Yasini. Na ule mchele tumeula na wanafunzi, ulikuwa mzuri." Dada, nilikaa palepale kwenye mkeka nikacheka mpaka machozi. Mzigo wa mwezi mzima, chini.

Basi nikaenda kwenye mtihani. Ukumbi wa giza, mimi nyuma kabisa nimejifunga mtandio wangu. Hakuna pombe, hakuna mwanamume wa kumshika, ni walimu watatu na kalamu zao na wanafunzi wenzake. Rehema akapiga miguu, wallahi mbao zililia, na mkia wa sketi ukaenda nilipoutuma. Akafika sehemu ya mchezo ambapo mwandishi wa gazeti anamwuliza yule mwanamke kwao ni wapi. Rehema akainua kidevu akasema mama yake ni bibi wa jumba la kifahari. Anasema hivyo kwa mdomo, na mikono yake chini inakamua nguo ambayo haipo. Inakamua, inakung'uta, inaanika, taratibu, mpaka mwisho wa maneno.

Nikaijua ile mikono. Anakamua kwa kupindia kushoto, kama mimi. Miaka mitatu ya kwanza hapa niliwafulia watu nguo, yeye akiwa mgongoni kwangu, na mimi nilidhani alikuwa amelala.

Amefaulu. Mwalimu mkubwa alisimama kumpa mkono. Jioni ileile Rehema alileta begi lake nyumbani bila kuambiwa, na sasa ninavyoandika yuko jikoni ananilalamikia kwamba sufuria nimezihamisha.

Msalimie mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na kaka yetu wa duka la baiskeli, na shangazi aliyenifundisha kushika sindano. Mpangaji wako yule mwenye mdomo msomee kwa sauti kubwa, maana najua ile habari ya mabaa alishaieneza.

Na mama akikuuliza, "Kwa hiyo Rehema anacheza au hachezi?", usimzungushe. Mwambie anacheza, na sketi nilimshonea mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Rehema