Jiwe Lililolambwa Upande Mmoja

Jumapili, 2 Februari

Nimetengeneza mawe ya chumvi tena. Chumvi, unga wa mifupa, molasi, saruji kidogo ya kushikamanisha. Nimeshindilia kwenye ndoo, nimeyaacha kivulini yakauke. Viganja vinawasha mpaka sasa.

Swala wa hapa hawafugwi. Wanazunguka watakavyo ndani ya uzio, na binadamu hawamtaki. Lakini majani ya huku jangwani, nyuma ya mji wa Wukair, hayana nguvu. Bila chumvi majike huzaa watoto dhaifu.

Baba, ndivyo tunavyomwita mwenye shamba, amepiga simu. Ijumaa ya wiki ijayo analeta wajukuu. Hema lipigwe katikati ya uwanda, na jiwe liwe hapo karibu, watoto waone swala wakilamba. Nimechukua jiwe la zamani lililokauka vizuri, tumelipeleka mimi na Wasswa, mlinzi wa geti. Mganda, mcheshi, mwoga wa nyoka.

Jumatano, 5 Februari

Ukungu mzito. Geti halionekani.

Mawe ya kwingine wameyalamba pande zote, yamekuwa laini kama sabuni. Hili la uwandani limelambwa upande wa kaskazini tu. Limechimbika kama bakuli. Upande wa kusini haujaguswa, alama za ndoo bado zipo.

Nimeligeuza.

Jumamosi, 8 Februari

Upande wa kaskazini tena. Kumbe shida si jiwe.

Asubuhi nilikaa ndani ya pikapu nikawaangalia. Wanakuja kwa mstari. Wanasimama, wananyoosha shingo, wanalamba. Hakuna anayelipita jiwe. Dume moja zee lilitanguliza mguu upande wa pili, likaurudisha polepole, kama mtu aliyegusa maji ya moto. Kisha wote wakainua vichwa kwa pamoja. Hawakuniangalia mimi. Walikuwa wanaangalia mchanga.

Nimekulia Baringo kati ya mbuzi. Sijawahi kuona mnyama akiogopa mahali patupu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimelipita jiwe kwa miguu yangu. Mchanga, changarawe, basi. Halafu nikaona ufa mwembamba kati ya mawe mawili. Nikapiga magoti.

Upepo ulikuwa unatoka chini. Baridi. Harufu ya kisima cha kale.

Alasiri nikarudi. Nikashika unyasi mkavu juu ya ufa. Ukavutwa, ukaingia, ukapotea. Asubuhi inatoa, alasiri inavuta. Ardhi inapumua. Sioni namna nyingine ya kuliandika hili.

Wasswa anasema ni majini na hataki kusogea. Mimi nasema ni pango. Naogopa pango kuliko anavyoogopa majini.

Jumatano, 12 Februari

Baba amekuja kukagua. Nilimngoja ashuke garini.

"Baba, hapa chini pana uwazi. Hema tulipige kwingine."

"Nani kakuambia?"

"Swala hawapakanyagi. Na kuna upepo unatoka ardhini, njoo uuone."

Alicheka, si kwa ubaya. Akasema mapango yako mbali, kule katikati ya nchi, si huku. Akapanda gari lake na kuliendesha juu ya mahali penyewe, kwenda na kurudi, kichwa dirishani. "Mafi mushkila! Umeona? Hakuna shida!"

Ardhi haikutikisika. Niliona aibu. Zaidi ya aibu, nilikuwa nimeacha kupumua na sikujua.

Mchana mafundi wa hema wamefika. Kigingi kimoja kilizama chote kwa pigo moja la nyundo. Fundi alikitazama. Akakichomoa, akakipigilia pembeni. Akaendelea na kingine.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeliondoa jiwe. Nimelipeleka kwenye mwinuko karibu na geti. Swala wakihama, labda watoto nao watahamia huko kuwatazama.

Sikuomba ruhusa. Akitaka kunirudisha Kenya, anirudishe. Nimemwambia mke wangu kwenye simu kwamba kazi ni nzuri. Lakini sauti yangu aliisikia, akaniuliza mara mbili kama naumwa.

Ijumaa, 14 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi, ukungu tena. Wasswa alikuwa ndani ya hema anatandika mazulia. Kazi ilikuwa yangu, lakini alinionea huruma, akasema acha aingie yeye, dua zake zinatosha. Mimi nilikuwa nashusha maji kwenye pikapu.

Swala wakatokea. Jiwe halipo, lakini walikuja. Wakajipanga pale pale lilipokuwa, wameelekea hema. Kundi zima. Sijawahi kuwaona karibu hivyo na kitu cha mwanadamu. Hawatafuni, hawapigi masikio.

Halafu wakakimbia. Wote kwa wakati mmoja.

"Wasswa! Toka!"

"Nini tena? Mito bado."

"Toka nje, nakuambia!"

Akatoka amekumbatia mto, amenuna. Akatembea kuja kwangu, polepole, kunikomoa. Nyuma yake hema likainama. Halikupiga kelele. Liliketi tu, kama mzee anavyoketi, kisha likaendelea kushuka mpaka halikuwepo. Kamba zikabaki zimenyooka kuingia ardhini. Zikakatika, moja baada ya nyingine.

Ile harufu ikatujia usoni. Kitambo kikapita. Kisha, chini sana, maji yakapiga kishindo.

Wasswa hakugeuka. Aliniuliza, "Limeenda?" Nikamwambia limeenda.

Magari ya Baba yalikuwa yameshaingia getini, vioo wazi, watoto wakiimba. Nilikimbia nikipunga shati. Baba akashuka, akaona. Akaketi mchangani, akajifunika uso kwa kilemba chake.

"Nilipita hapo kwa gari," akasema. Akarudia. Na tena.

Hakunishukuru. Sikutarajia. Nilitaka tu asogee nyuma.

Jumamosi, 22 Februari

Mafundi wamelizungushia shimo wavu. Wameteremsha taa: pango refu, maji ya kijani, matulivu. Zulia moja linaelea. Wanasema huenda limeenea upande wa geti pia, watapima wiki ijayo. Mpaka hapo tuendelee na kazi.

Leo tumepewa ruhusa ya kutoka, tukaenda Al Wakrah kununua sabuni na unga. Tulitembea kando ya bahari. Baada ya muda nikagundua hatuko bega kwa bega. Wasswa yuko mbele, mimi nyuma, kati yetu nafasi ya gari zima. Hatukupanga; ndivyo tunavyotembea shambani siku hizi, ardhi isibebe uzito wa wawili. Mwanamke mmoja Mkenya, anayetufahamu kwa sura, akaniuliza kama tumegombana.

Nikamwambia hapana, sisi ni marafiki.

Nilipoongeza mwendo nimfikie, Wasswa aliniinulia mkono bila kugeuka. Nikabaki nilipo. Tukaendelea hivyo mpaka kwenye gari.