Wifi Yangu Hakupotea

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, miaka 43, fundi cherehani, mkazi wa mjini hapa.
Uhusiano na mlalamikaji: dada yake.

Anaeleza kama ifuatavyo:

Mlalamikaji ni kaka yangu wa tumbo moja. Mwanamke anayedaiwa kupotea ni mke wake, yaani wifi yangu, muuguzi wa wodi ya watoto. Kabla hajawa wifi alikuwa rafiki yangu. Tulisoma darasa moja, sisi wawili na mwenzetu tunayemwita Twiga kwa urefu wake.

Mnamo Ijumaa, tarehe 9 mwezi huu, sisi watatu tulipanda basi kwenda mji mwingine kutembea. Ilikuwa safari yetu ya kwanza bila waume wala watoto. Kaka aliiruhusu kwa sababu nilikuwamo mimi.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni tulikwenda kwenye mgahawa ulio ghorofa ya ishirini. Twiga anaogopa lifti, alifumba macho njia nzima, tukamcheka. Tulipewa meza ya dirishani. Taa za mji zilikuwa zinaanza kuwaka chini yetu. Wifi alivua viatu chini ya meza, akasema miguu yake nayo iko likizo.

Chakula hakijaletwa, kaka akapiga simu ya video. Nilimsikia akisema, "Zungusha simu nione umekaa na nani." Wifi akazungusha. Twiga akapunga mkono. "Shemeji, ni sisi tu. Sura zetu hujazichoka?" Kaka akasema, "Mpe mhudumu simu."

Mhudumu, mtu mzima wa makamo, aliipokea kwa mikono miwili. Akaulizwa meza hiyo ina watu gani. Akajibu, "Akina mama watatu, mheshimiwa." Akairudisha simu bila kututazama usoni.

Wifi alicheka kidogo. Chakula kilipofika simu iliita tena. Akaizima, akaitia kwenye mkoba. "Leo nataka kula kikiwa cha moto," alisema. Akala taratibu mpaka akamaliza.

Alipokwisha kufuta mdomo akasema, "Mimi sirudi."

Twiga alidhani ni utani. "Utalala humu humu mgahawani?"

"Nyumbani. Nyumbani sirudi." Halafu akanigeukia mimi. "Yule ni kaka yako. Utafanyaje?"

Baba yetu alipofariki, kaka aliacha shule akaenda kubeba saruji ili mimi nijifunze kushona. Hilo wifi analijua, ndiyo maana aliuliza. Mwishowe nilimwambia, "Akiniuliza kama u mzima, nitasema u mzima. Zaidi ya hapo asiniulize." Akanishika mkono.

Hakuna mwanamume yeyote katika jambo hili, wala hatukumshawishi. Asubuhi yake waliondoka yeye na Twiga, aliyemsindikiza. Mimi nilirudi peke yangu.

Nimeulizwa kama kaka humpiga mkewe. Sijawahi kuona. Nimemwona akimsimamisha mlangoni anapotoka zamu na kumpekua mkoba, na sisi wengine tukiendelea kunywa chai. Mama yetu husema ni mapenzi.

Nimeulizwa kama najua alipo. Najua. Nimeulizwa ni wapi. Hilo naomba aulizwe mwenyewe. Namba yake mpya nimempa afande, sikumpa kaka.

Naomba iandikwe pia kwamba nampenda kaka yangu. Afande amesema hilo halihusiki na shauri hili. Naomba liandikwe hata hivyo.

Niliyokuwa nayo ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya mimi mwenyewe, shahidi akiwa na akili timamu. Nimezungumza kwa simu na mwanamke anayetafutwa. Yu salama, aliondoka kwa hiari yake, na hataki mahali alipo pajulikane. Mlalamikaji amejulishwa kwamba mkewe hakupotea. Aliomba namba mpya ya mkewe, nimemkatalia. Yuko kwenye benchi nje ya ofisi. Shahidi nilimwambia yuko huru kwenda. Alitoka, akaenda kuketi kando yake. Mlalamikaji alisogea mpaka mwisho wa benchi. Shahidi hakuondoka.