Njia Niliyoiomba kwa Karatasi

Ijumaa, Machi 2012

Na mimi ndiye wa kwanza darasani kukubaliwa haute école, chuo cha juu, Jette nzima hapa Ubelgiji ijue! Donc basi asubuhi nikapeleka karatasi kwa sekreteri: ninaacha Kilatini. Kozi yenyewe ni ya hiari, na tulikuwa tumebaki wawili tu.

Saa sita mwalimu wa Kilatini akanikuta kwenye korido. Ni padri mzee, Mbelgiji, alikaa Likasi, mji wa kwetu, miaka mingi. Kiswahili anakisema kama maman yangu.

"Mutoto, basi unaenda?"

"Mon père, kichwa yangu imejaa, Kilatini haina fasi tena!"

Hakucheka. "Kwetu njia wanaomba na kinywa. Weye umeomba na karatasi."

Kwetu, eti! Lakini ni kweli, nyumbani hata mgeni wa dakika kumi anaomba njia kabla ya kutoka.

Halafu akanieleza, huku akininyooshea kola, kwamba mwanafunzi mmoja hatoshi. Kozi wameifunga leo, naye hana nyingine ya kufundisha.

Nilitaka kusema pole. Mimi, bingwa wa maneno, kilichotoka ni "À lundi, mon père," yaani tuonane Jumatatu.

Akaitika, "À lundi, mutoto," kama vile Jumatatu ipo.