Samaki Aliyesimama Ukutani

Melini, 2 Machi

Baba, shikamoo. Goti lako limepatana na ngazi? Mimi mzima, ila chumba chetu kinanuka dizeli.

Nimepata picha ya ukuta unaouchora kule makumbusho. Bahari imependeza. Lakini samaki wa miguu mitatu umemchora akiogelea, mapezi yakiburuzika nyuma kama mkia wa kishada. Baba, huyu husimama juu ya tope, kilometa mbili chini na zaidi, gizani kwenye baridi. Jina langu, kama mtaalamu wa samaki, litakaa ukutani pamoja na lako, kwa mara ya kwanza. Mrekebishe kabla ya ufunguzi.

Mwanao,
Kidomo

Nyumbani, 11 Machi

Marahaba, Kidomo. Goti linauma, ulimi haujambo.

Samaki wako nimemtazama kwenye chupa ya makumbusho wiki nzima. Mapezi yamelala nyuma. Nichore nilichokiona au ulichokiota? Eti asimame! Amekuwa askari wa zamu? Mkurugenzi ameshapitisha, na rangi imekauka. Mimi nilichora samaki wewe hujaota meno.

Baba yako

Melini, 19 Machi

Shikamoo Baba. Ulimi nimeusikia.

Wa kwenye chupa ni maiti, maiti husimama? Jana kamera yetu ilimkuta aliye hai. Kasimama kwa ncha za mapezi mawili ya tumbo na moja la mkia, kichwa kaelekeza mkondo unakotoka. Macho yake madogo hayamsaidii sana, kwa hiyo mapezi ya mbele kayanyoosha kama mtu anayepapasa gizani. Kijidudu kikiletwa na maji, kikiyagusa, kimeliwa. Mwenza ni adimu huko, kwa hiyo yeye ni dume na jike pamoja. Mbegu na mayai anavyo vyote mwilini. Akiogelea, sawa, mapezi hufuata nyuma. Lakini riziki yake iko kwenye kusimama.

Picha hii hapa. Usipombadilisha, jina langu lisiandikwe.

Mwanao

Melini, 15 Aprili

Baba, shikamoo. U mzima? Kimya chako kinanitisha. Ufunguzi umefika. Hata matusi, tuma.

Kidomo

Nyumbani, 16 Aprili

Marahaba mwanangu. Mzima. Nilikuwa nakwangua ukuta.

Nilihama kwetu ningali kijana, na hadi leo nikiulizwa naishi wapi, hujibu, "Hapa napita tu." Miaka yote hii, napita! Nikamtazama huyo kwenye picha yako, kasimama pale pale, anakula kinacholetwa na maji, wala haombi radhi kwa mtu. Nikachukua kisu cha rangi.

Mkurugenzi alipiga kelele: "Mzee, unaharibu ukuta wiki ya ufunguzi!" Nikamwambia, "Sasa nimemwona aliye hai." Muda wa kurudisha mapambo niliyoyakwangua sikuupata, nyuma yake nimepaka nyeusi tupu. Akasema kazi haijakamilika. Nikamuuliza, "Mkuu, huko chini ulitaka taa na mapazia?" Akacheka, akakubali.

Jina langu nimeshaliandika. Lako nimeliachia nafasi. Brashi ninayo mkononi.

Baba yako

Melini, 17 Aprili

Baba, shikamoo. Andika. Na herufi zilingane na zako, nakujua.

Mwanao,
Kidomo