Maziwa ya Asubuhi na Karata za Wangila

Jumapili, 9 Juni 1996

Tumeshindwa tena. Wiki nzima maziwa ya asubuhi ni ya Wangila, na Wangila atayapeleka hotelini Lurambi, watu wasiotujua wakoroge chai yao. Mwanangu Namalwa atakunywa uji mtupu.

Niandike pole pole, kichwa kitulie. Ng'ombe ni mmoja. Tuliachiwa na mama mkwe, Mungu amrehemu, yule ambaye mtoto wangu amepewa jina lake. Maziwa ya jioni ni ya baba mkwe, Mzee Osundwa. Hayo hayaguswi. Ya asubuhi ndugu wawili waliyagombania mpaka wakashikana mashati — mume wangu Chrispinus na kaka yake mkubwa Wangila. Mwisho Wangila akasema basi, karata ziamue! Kila Jumapili tukitoka kanisani, hapa kwetu. Anayeshinda anakamua wiki nzima.

Huo mchezo aliutoa kwa nyumba ya wageni ya kiwanda cha sukari, anakooshanga glasi. Wazungu wa mashine wanauchezanga huko. Alitufundisha sote wawili, mimi nikimenya maharagwe. Kila mtu anapewa karata mbili, anazificha. Mnaweka punje za mahindi. Baadaye ndio zinafunguliwa tatu katikati, za wote, halafu moja, halafu moja tena. Mwenye karata bora, hasa zinazofanana, anazoa. Mwenzako akipandisha, unafuata kwa kuweka sawa na yeye, au unatupa karata na punje ulizoweka zinakuwa zake. Kila mtu anaanza na kikombe chake cha mahindi. Kikiisha, maziwa yamekwenda.

Lakini sisi hizo tatu za katikati hatuzioni hata! Chrispinus anaweka punje tatu. Hapo hapo Wangila: "Na kumi juu!" Mume wangu anaangalia karata zake, anakuna shingo, anatupa. Karata zinagawanywa upya, mkono mwingine, tatu. "Na kumi juu!" Anatupa. Kikombe kinaisha bila vita.

Kila mara Wangila ana karata nzuri? Kila mara? Roho yangu inakataa.

Jumanne, 11 Juni

Karata zinakaa kwetu, kwa kopo la majani chai. Leo nimezitoa juani, nikazikagua moja moja mgongoni. Alama ya kucha? Mafuta? Kona iliyokunjwa? Hakuna. Kwini mmoja ana doa la mchuzi na hilo doa ni langu mwenyewe.

Basi nikakaa kwa kiti ambacho Wangila anakalianga. Nikatazama mbele. Ahaa — kabati la vyombo! Lina kioo. Labda anaona karata za mume wangu humo. Nimetundika kitambaa. Tutaona.

Jana kliniki sista aliweka Namalwa kwa mizani, akamweka tena. Hajaongeza kitu. "Mama, mpe maziwa." Yangu yalikauka nilipougua malaria mwezi wa tano. Nilimwambia Chrispinus niende nimwombe Wangila kikombe kimoja tu. Alikasirika. Nyumba yake haiombi. Sawa. Lakini mtoto wa miezi kumi hajui mambo ya nyumba kutoomba.

Jumapili, 16 Juni

Kitambaa hakikusaidia. "Na kumi juu! Na kumi juu!" Tumeshindwa kabla chai haijapoa.

Si kioo basi. Si alama. Nikaanza kufikiri hivi: pakiti ina Esi nne, ndizo kubwa kuliko zote. Kingi ni nne. Huyu mtu amepandisha juu ya mume wangu karibu kila mkono. Hizo Esi zinazaana mfukoni mwake? Haiwezekani. Nyingi ni makelele tu. Anajua Chrispinus atatupa, kwa hivyo hahitaji karata. Anahitaji mdomo.

Mke wake Khalayi alikuja jikoni kunisaidia kuosha vikombe. Nikamuuliza kwa mzaha, mume wako ana bahati gani? Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema huyo hata sokoni anapiga kelele ya bei kabla hajaona kuku.

Kisha kitu kingine. Chrispinus ndiye anaongea kwanza, ndiye anatangulia kuweka punje, kila mkono. Kila mkono! Wangila anamaliza. Wakati anafundisha alisema watu wapokezane. Jioni nikauliza, mbona?

"Yeye ni mkubwa wangu. Tena ni mgeni kwangu. Nitamaliza maneno juu ya mkubwa wangu?"

Nilikaa na hayo maneno. Anayesema kwanza anasema gizani. Anayesema mwisho amekusikia tayari, anajua akupige wapi. Na sisi tumempa Wangila hiyo nafasi bure, kwa adabu. Na yeye anajua. Anajua kabisa! Ndiyo sababu hakubalianga tuchezee kwake.

Jumapili, 23 Juni

Sijui nianzie wapi!

Tukiwa tunatoka kanisani, wakaja kumwita Chrispinus: trekta ya kubeba miwa imefika shambani, na miwa ilikuwa imekatwa siku nyingi, inakauka. Ukikosa trekta, umekosa. Akaniambia kaa nafasi yangu, usimalize mahindi haraka. Akakimbia na nguo za kanisa.

Wangila aliponiona mezani: "Shemeji! Karata si sufuria, zinaunguza."

"Hata sufuria inaunguza, shemeji. Ndiyo maana tunajua kushika."

Akafurahi. Na mimi nikajifanya mjinga. Nikamwambia mimi ni mwanamke, nitaumwa na tumbo nikikosa neno la mwisho, basi tupokezane, wewe mkono huu, mimi ule. Akacheka, akakubali. Hakuwa ananiogopa.

Karata mbaya nilitupa bila kuweka hata tatu. Hiyo ndiyo shida ya mume wangu: anapandisha na takataka, halafu akipandishiwa anakimbia, na zile tatu zinabaki huko. Mimi nikangoja. Wangila akaanza kuchoka. "Shemeji, leo umelala?"

Ndipo nikapata Kumi mbili, karata zinazofanana. Nikaweka tatu. "Na kumi juu!" Nikasema nafuata.

Akanitazama. Si kama shemeji. Kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefunguliwa.

Zikafunguliwa: mbili, sita, Kwini. Akasukuma mengi zaidi. Nikafuata. Ikaja tatu, ikaja nane. Akasukuma yaliyobaki, anacheka, lakini meno tu. Nikafikiri, kama ana Kwini nyingine mkononi, zinapita Kumi zangu, nimeisha, mtoto wangu ameisha. Halafu nikafikiri, Kwini gani? Huyu alipiga kelele kabla hajaona kitu. Nikafuata.

Alikuwa na Jeki na nne. Takataka!

Maziwa ni yetu. Chrispinus aliporudi na matope mpaka magotini nilimwambia. Alifurahi. Alifurahi, ndiyo — lakini kidogo. Mbona kidogo?

Jumatano, 26 Juni

Namalwa anakunywa mpaka anahema. Ana masharubu meupe. Akimaliza anapiga kikombe kwa meza, anataka tena. Leo amesimama akishika kiti! Sikuita mtu. Nilimtazama peke yangu.

Jumapili, 30 Juni

Nilikuwa nimejifunga leso, nimepanguza meza, niko tayari kukaa. Chrispinus alikuwa amekubali nicheze tena. Mara Wangila huyo mlangoni, na nyuma yake — baba mkwe!

"Baba amechoka kukaa peke yake. Leo atatutazama."

Ujanja! Ujanja mtupu! Anajua mimi, kwa mila yetu, siwezi kukaa meza moja na baba mkwe. Hata chai simpi mkononi, naweka kwa stuli nasogea. Hata njiani tukikutana napita kando. Sasa nitakaa mbele yake na karata mkononi nikimwambia mtoto wake "nafuata"? Nikainama, nikasalimia nikiwa mbali, nikaenda jikoni. Mzee hakufanya kosa. Alitoka tu kutembea na mtoto wake. Wangila ndiye alimbeba kama ngao.

Lakini hapo amejionyesha. Mwenye Esi mkononi halindwi na baba.

Chrispinus alikaa. Akaongea kwanza kama zamani. Akatupa kama zamani. Tumeshindwa.

Na si hiyo tu. Nilisikia Wangila anasema wamechoka na hii ya kila wiki. Jumapili ijayo iwe ya mwisho: anayeshinda akamue mpaka ng'ombe akauke. Ng'ombe amezaa mwezi wa tatu! Hiyo ni mpaka Krismasi na zaidi. Nikangoja mume wangu akatae.

Akasema sawa.

Kisha nikawaona wawili kwa geti, vichwa karibu, wananong'ona. Mzee ametangulia. Wanaongea nini ambacho hakisemwi ndani ya nyumba? Wamepatana? Kuna kitu ameahidiwa? Naogopa hata kuandika, lakini naandika: nimeanza kumwogopa mume wangu mwenyewe.

Jumamosi, 6 Julai

Nimevumilia wiki nzima, leo nimeuliza. Tulikuwa tunamenya mahindi mabichi ya kuchoma, asubuhi, mtoto katikati yetu akitafuna ganda.

Nikasema, Baba Namalwa, kwa geti mliongea nini?

Akasema Wangila alimwambia mke wako anakuaibisha. Nani amemfundisha mwanamke kumfuata mtu mkubwa hivyo?

Nikasema, na wewe ulijibu nini?

Akachukua hindi lingine, akaanza kumenya. Ndiyo hiyo kazi yake, kutojibu. Nikakasirika, nikasema unatupa karata nzuri, nimeona kwa macho yangu ukitupa Kingi mbili!

"Wewe huelewi," akasema. "Nikimfuata ni kama kumwambia mkubwa wangu, mbele ya baba, wewe ni mwongo."

Basi. Hapo ndipo penye ugonjwa. Si karata. Na mimi nilikuwa natundika vitambaa kwa kabati!

Sikupiga kelele. Nikachukua punje, nikapanga chini. Nikamwonyesha. Ukiwa na takataka, tupa mapema, usimpe tatu zako. Ukiwa na mbili zinazofanana, hata ndogo ndogo, mfuate uone hizo za katikati. Ukiwa na Esi moja, jua kwamba yeye zimempungukia, na siku moja mpandishie mahindi yako yote, ashangae. Hutamtusi. Unacheza tu mchezo aliokufundisha yeye mwenyewe.

Nikamwambia na ya sista wa kliniki, kwamba alimpima mara mbili. Hiyo nilikuwa sijamwambia.

Alimwinua Namalwa, akamshika kwapani, kama anayepima debe. Kisha akasema, "Nimesikia."

Nimesikia. Neno gani hilo! Hata mtu anayekataa anasema nimesikia.

Jumapili, 7 Julai

Naandika hapa jikoni, juu ya gunia, wao wako sebuleni. Ukuta una ufa. Naona mgongo wa Wangila na kofia ya Mzee. Chrispinus simwoni. Namsikia.

Wamecheza mikono mingi. Ametupa mapema mara nyingi, bila kuweka. Vizuri! Mara moja alifuata, zikafunguliwa, akazoa. Wangila aliacha kucheka kidogo.

Lakini bado anaongea kwanza. Hilo hakuweza.

Sasa. Chrispinus ameweka tatu.

Wangila: "Yote!" Hata za katikati hazijaguswa. Amemwaga kikombe chote mezani, punje zingine zimeanguka chini, kuku ameingia.

Mume wangu ameshika nini? Sijui. Siwezi kujua kutoka hapa. Anaweza kuwa na Esi, anaweza kuwa na nne na tisa.

Mzee amekohoa. Anasema, pole pole, kwamba mkubwa ameshasema, mdogo anajua la kufanya. Ee Mungu! Hiyo si karata, hiyo ni amri.

Wangila anamwambia, tupa bwana, chai inapoa.

Kiti kimelia. Amesimama? Namalwa ananivuta kalamu, ngoja mama, ngoja —

Ni sauti ya mume wangu. Ndogo, lakini yake.

"Baba, samahani."

Samahani ya nini? Amekuwa akitupa karata mbele ya huyo mzee na hajawahi kuomba samahani. Anayetupa haombi samahani!

Wangila anauliza, samahani gani? Anauliza tena. Nasikia mahindi yanasukumwa mezani, kikombe chetu chote. Amemfuata!