Ubavu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Uzi wa tatu wa gitaa umekatika tena. Nimefunga waya wa breki ya baiskeli. Unalia kama mbuzi aliyeamshwa. Nimeupenda, utabaki hapo hapo.

Mazoezi Mapinga, gereji kwa Chande. Chande ndiye mpiga ngoma wangu, na kazi yake ni kuchomelea mageti ya watu wa Dar wanaonunua viwanja huku. Mteja akiingia tunanyamaza. Akitoka tunaendelea. Juzi mtu wa redio kaniuliza muziki wangu unaitwaje, nikamwambia roki ya gereji, bluzi kidogo, na nyimbo za kwetu za makaburini. Akacheka. Kadhani gereji ni mzaha.

Jumamosi ya tarehe 16 napiga Bagamoyo. Miaka tisa naimba Dar, vyumba vya nyuma, watu arobaini, hamsini, wanaojua kila neno. "Jeneza Lirudi Msikitini" wanaimba wao, mimi napumzika. Nyumbani sijaimba hata harusini. Sasa naimba. Alasiri, uani kwa Bi Subira, ua wake ni mkubwa, tumalize kabla ya adhana ya magharibi. Siogopi. Mimi ni mzuri na ninajua.

Nitafunga na "Mwosha". Lazima. Ndio wimbo wanaoujia.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Bi Zainabu jirani kaja na simu yake, wimbo kaupata wapi sijui, kamwekea Shangazi "Mwosha" wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nimesikia sauti yangu inatoka sebuleni, nikaacha mbuzi na nazi, nikachungulia.

Shangazi Mwanahawa ni dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea. Na ndiye mwosha maiti. Mwanamke akifa mji huu, kuanzia Mji Mkongwe mpaka Kaole, anaitwa Shangazi. Miaka thelathini. Sijawahi kumwimbia wimbo huu. Sijawahi kumwambia upo.

Kasikiliza kimya, mikono magotini. Ulipofika ule ubeti wanaopiga kelele Dar, uso ukabadilika:

*Naanza na wa kushoto, wenye moyo ulochoka,*
*wa kulia ungojee, maiti hana haraka.*

Kainuka. Kaingia chumbani. Kafunga mlango. Bi Zainabu kaniangalia, kasema, "Makubwa!" kisha kaenda zake, kazi yake imekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Shangazi hasemi. Shikamoo nimetoa, marahaba nimepewa, kavu, basi. Chakula kapika, kafunika, kala peke yake.

Najua kinachomuudhi. Kamuona mtoto aliyemlea anamcheka maiti. Sawa. Lakini mimi simcheki maiti, namchekea. Hiyo ndiyo tofauti, na kama haionekani si kosa langu.

Sibadilishi neno.

Ijumaa, 8 Agosti

Chande kasema, "Dada, tuuache huo wimbo, mji mdogo huu." Nimemuuliza kama yeye akiambiwa geti lake halipendezi hulirudisha kuwa chuma. Tumeupiga mara sita. Umenoga. Wateja wawili wamesimama mlangoni, wakasahau walichojia.

Nyumbani bado kimya. Inauma. Naandika tu, inauma.

Wimbo wenyewe niliutunga baada ya Mama kufariki. Mimi nilikuwa Dar. Alifariki alfajiri, wakazika adhuhuri, gari yangu imefika watu wanakunja mikeka. Shangazi ndiye aliyemwosha wifi yake. Mimi nilikuta kitanda cha kuoshea kimeegemezwa ukutani, kinakauka. Nikaenda kutunga wimbo wa kuchekesha. Ndivyo nilivyo, sijui kulia vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti, asubuhi

Shangazi kasimama mlangoni kwangu, kashika mkoba wake wa kazi. Maneno ya kwanza tangu Jumatano: "Vaa kanga mbili, utie udhu. Bi Tatu yuko Pangani harusini. Utanishikia maji."

Kuna bibi kafariki Kaole. Bi Tatu ndiye msaidizi wake wa siku zote.

Nimesema sawa. Miaka tisa naimba habari za maiti, na maiti sijamuona hata mmoja. Hakuna anayejua hilo ila mimi na, nadhani, Shangazi.

Jumatatu, 11 Agosti, jioni

Nimerudi. Sitaandika nilichokiona. Mwosha akiona jema anaweza kulisema, akiona jingine anakufa nalo. Shangazi kaniambia hivyo tukiwa njiani, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti.

Naandika ya maji tu. Maji ya vuguvugu, majani ya mkunazi yamepondwa humo. Kishimo kimechimbwa chini ya kitanda. Pazia la kanga pande zote. Marehemu hafunuliwi, mkono unapita chini ya nguo. Shangazi ananong'ona naye wakati wote. "Samahani, bibi. Tunakugeuza kidogo, bibi." Kana kwamba yule bibi atasema mnaniumiza. Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Nilidhani nitaanguka. Sikuanguka pia.

Kamtawadhisha, kamwosha kichwa. Kisha kaniashiria nimwage maji. Nikaelekeza kata kushoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoimba! Miaka tisa mdomo umefundisha mkono.

Shangazi kanidaka kifundo. Kasema neno moja. "Kulia."

Basi nikaelewa. Kata ikawa nzito kama ndoo.

Tumemaliza. Kafuri kwenye maji ya mwisho, pamba, sanda, wanaume wakamchukua. Tunarudi kwa miguu, Shangazi mbele mimi nyuma, mpaka tumefika kwenye minazi, ndipo kasimama.

"Ulidhani nimekasirika unacheka?" kasema. "Mimi na Bi Tatu tunacheka kila siku, la sivyo tungepata wazimu. Wewe umemwosha mtu kinyume, mbele ya watu, tena kwa gitaa. Mwosha wa mji huu ni mimi. Watasema nani kakufundisha?"

Nikampokea mkoba, tukaendelea na njia.

Jumanne, 12 Agosti

Aibu tupu. Siyo aibu ya dini, Mungu atanisamehe. Aibu ya fundi. Ni kama kuimba habari za mpishi anayetia chumvi kwenye chai. Kulia kabla ya kushoto! Mtoto wa madrasa anajua, hata kiatu tunavaa hivyo. Mimi nilikuwa najua. Nilipenda tu moyo uwe wa kwanza, kwa sababu ulikuwa unapendeza. Na Dar hakuna aliyeniambia. Waliojua walidhani nakosea makusudi, wakaniita hodari.

Hapa wangenicheka. Siyo kicheko ninachokitaka.

Nimekaa na daftari tangu saa mbili asubuhi. Saa saba kimetoka hiki:

*Naanza na wa kulia, mkono uliopika,*
*wa kushoto ungojee, moyo hauna haraka.*

Nimekisoma kwa sauti. Nimekisoma tena. Jamani. Ni kizuri kuliko cha kwanza. Mara kumi.

Jumatano, 13 Agosti

Chande kalalamika. Ngoma yake ilikuwa inadondoka kwenye "kushoto", sasa neno limehama. Nimemwambia na yeye ahame. Kanung'unika mpaka saa kumi, kisha kaipata, na sasa anadai ni wazo lake.

Shangazi sijamuimbia. Kaongea leo, lakini ya soko tu. Kaniuliza kama bamia zimepanda. Nimefurahi mpaka nikajishangaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya.

Kaja mtoto wa yule bibi wa Kaole. Mtu mzima, seremala, anaitwa Athumani. Kapiga hodi, kakaribishwa barazani, kakataa kukaa. Hakupaza sauti, na ndilo lililonitisha. Kasema ameambiwa aliyemshikia mama yake maji ni mimi, na mimi ndiye ninayeimba maiti, na Jumamosi naimba. Anataka kujua mama yake atakuwa kwenye wimbo au hatakuwa.

Nikasema wimbo ni wa zamani, una miaka tisa. Kasema kausikia. Kasema kuna mahali mwosha anataja kovu la tumboni na jino la dhahabu.

Kweli upo ubeti huo. Wa tatu. Niliubuni wote, kovu la kubuni, jino la kubuni. Lakini ukiimbwa Jumamosi, siku tano baada ya maziko, nani ataamini nimebuni? Watasema ni yule bibi. Na nyumba gani tena itamwita Shangazi? Mwosha anayeingia na mtu wa kutangaza siri za marehemu, bora marehemu aoshwe na mvua.

Shangazi katokea ndani, kasimama kizingitini, ushungi umefungwa vizuri. "Athumani mwanangu, huyu hana alichokiona."

Athumani kaniangalia. Kamwangalia Shangazi. Katoa pole kwa usumbufu, sisi tukampa pole ya msiba, kaondoka. Hakuniambia anaamini. Kaondoka tu.

Shangazi hakuniambia acha ule ubeti. Ameniacha nao, na huo ndio ugumu wake. Angenikataza ningegoma, ananijua.

Ijumaa, 15 Agosti

Ubeti wa tatu nimeufuta. Hakuna aliyeniomba.

Chande kaniuliza tutaweka nini. Hapo wimbo una shimo, na shimo la mistari minne si dogo. Nimejaribu kuandika mwingine. Mchafu, nikachana. Mwingine mzuri sana, nao nikachana, kwa sababu ulikuwa na kitu cha kweli ndani yake, kitu cha Jumatatu. Hicho ni cha yule bibi. Siwezi kukisema hata kwa mafumbo. Ni mara ya kwanza nina kitu kizuri mdomoni na nakimeza.

Basi hapo gitaa litalia peke yake. Ngoma inanyamaza, mimi nafunga mdomo, ule uzi wa breki unapiga mistari minne bila neno. Kisha ubeti wa mwisho.

Chande kasema watu watadhani nimesahau maneno. Wadhani.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeimba kwetu.

Uani kwa Bi Subira walijaa. Vijana wa Dar wamekuja na bodaboda, wamekaa mbele, wanajipiga picha. Nyuma wenyeji, wengine wamekuja kunishuhudia naharibikiwa, sikatai. Akina mama wamesimama pembezoni mwa ukuta, mabuibui meusi, wao ndio walioonekana kama bendi. Athumani kaja. Kasimama karibu na mlango, mikono kifuani.

"Jeneza Lirudi" umewashika hata wazee. Mzee mmoja kacheka mpaka kofia imemdondoka. Nilijua mji huu utaelewa, ni mji unaojua kuzika.

Kisha "Mwosha". Nimefika kwenye ubeti. "Naanza na wa kulia." Bibi mmoja pale ukutani, simjui, kapaza sauti: "Ehee! Hapo sawasawa!" Ua mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka ndani ya wimbo, kitu ambacho sifanyi. Vijana wa Dar waligeuka kuangalia kulikoni.

Ubeti wa tatu. Nimefunga mdomo. Wale wa mbele wanaojua wimbo walianza kuimba lile kovu, sauti mbili tatu. Nikawatazama. Nikatikisa kichwa. Wakaacha. Gitaa likalia peke yake, vibaya, mistari minne. Hakuna aliyekohoa. Nimeimba miaka tisa na sijawahi kusikia watu wakinisikiliza hivyo nikiwa sisemi kitu.

Tumemaliza adhana haijatoka. Athumani kapita mbele yangu, kanipa mkono, kasema, "Mungu akuzidishie." Chande analia, anasema ni moshi. Hakukuwa na moshi.

Shangazi hakuja. Nilijua hatakuja.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka nimechelewa. Shangazi yuko uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Nimekaa naye kwenye mkeka. Bi Zainabu kishapita asubuhi na simu yake, nimeambiwa.

Hajasema wimbo ni mzuri. Sikumuuliza.

Tumechambua kitambo. Kuku wanazunguka. Kisha kasema, bila kuinua macho, kwamba Bi Tatu magoti yamemchoka na ataacha. Nikasema mh. Kasema yeye mwenyewe ana miaka sabini na moja. Nikasema najua. Kasema siku yake ikifika kuna watu watajileta, mabinti wa huku na huku, wajuaji, asiowataka.

"Utaniosha wewe."

Nilikuwa na mzaha tayari. Ninao siku zote. Sikuutoa.

Nimesema, "Ndiyo, Shangazi." Kasogeza ungo upande wangu, tukaendelea kutoa mawe.